Mfungo wa Neno la Mwisho

Dobi hakuwa mtu mbaya, ila alipenda mno kuwa sahihi. Ukimwambia jua limechomoza, atakujibu limechomoza kitambo, wewe ndiye uliyechelewa kuamka. Wateja walimpenda, maana shati likitoka mikononi mwake lilinyooka hata ukaona haya kulikunja. Nyumbani walimpenda pia, lakini walikuwa wamejifunza kusema maneno machache.

Jioni ya Jumatano ya Majivu, alama ya majivu ikiwa bado kwenye paji la uso, alitangaza mezani kwamba Kwaresima hii anaacha nyama, soda na mpira wa kwenye televisheni. Alitangaza hivyo kila mwaka. Kila mwaka alitimiza bila shida, kisha akawakumbusha wenzake walivyoteleza.

"Baba," akasema binti yake, "nyama siyo tatizo lako."

"Tatizo langu ni lipi?"

"Kuwa sahihi. Funga hilo. Mtu akiongea, mwache amalize, halafu usimrekebishe."

Kaka mtu akaangua kicheko, maji yakampalia. Mama yao aliinamia sahani, lakini mabega yake yalikuwa yanatikisika.

"Mimi namrekebisha nani humu ndani?"

"Sasa hivi unataka kunirekebisha mimi."

Dobi akafungua kinywa, akakifunga. Hakuwa mtu wa kukimbia vita. "Haya," akasema. "Mpaka Pasaka. Mtanitambua."

Siku za mwanzo zilimtoa kijasho chembamba. Mteja mmoja alisimama dukani akamfundisha namna ya kufua hariri kwa maji ya moto, dobi akajikaza kisabuni, akaitikia, "Nimekusikia, mama." Padri alikosea jambo dogo kwenye mahubiri, naye, ambaye kwa kawaida humngojea mlangoni, akampa mkono na kusema asante tu. Padri alibaki ameushika mkono ule, akisubiri sehemu ya pili.

Baada ya muda dobi akaona anaiweza kazi. Akaanza kujipongeza kimoyomoyo kwamba hata kwenye kunyamaza hana mpinzani.

Ndipo Jumapili moja kijana wake akamleta mchumba nyumbani kwa mara ya kwanza. Binti wa watu alikuwa mchangamfu. Walipomaliza kula akamgeukia mke wa dobi. "Mama, nyinyi mlikutana vipi?"

Hadithi hiyo ilikuwa ya dobi. Mkewe huianza, yeye humnyang'anya njiani: jinsi dada mmoja alivyoleta gauni la bluu lenye doa sugu la mafuta, jinsi madobi wengine wangenyoosha mikono, jinsi yeye alivyoling'oa lote, na dada akanasa kwa ufundi wake. Watu hucheka, basi imekwisha.

"Siku hiyo mvua ilikuwa inanyesha," mkewe akaanza, akamtupia jicho mumewe.

Yalikuwa manyunyu. Dobi akang'ata ulimi.

"Nilipeleka gauni la marehemu mama yangu," mkewe akaendelea, taratibu, kama mtu anayetembea kwenye chumba asichokizoea. "Lilikuwa na doa la mafuta hapa ubavuni. Mama alikuwa anapika, halafu anajifutia mkono hapo hapo, tukimsema hasikii. Nilitaka lipigwe pasi tu. Nilipolirudia, doa halipo. Nilitoka nje nikalia."

Dobi alihisi maneno yamemjaa mpaka kooni: hukuniambia, ningejuaje, doa ni doa. Kisha akakumbuka. Aliambiwa. Dada yule alikuwa amesema, "Pasi tu, kaka," naye akamjibu, "Niachie mimi, najua kazi yangu."

"Nikarudi ndani nimgombeze," mkewe akasema. "Nikamkuta amelinyanyua gauni kwenye mwanga, anafurahi kama mtoto. Nikashindwa kumvunja moyo. Mtu anayefurahia hivyo gauni la mtu asiyemjua, nikasema huyu nitarudi kumtazama tena. Kwa hiyo doa lilinitoa machozi, furaha yake ndiyo ikanirudisha."

Mchumba alifuta macho. Dobi alitazama mikono yake. Miaka yote ile alidhani alimpata mke huyu kwa kuwa hodari, kumbe alisamehewa hata kabla hawajajuana majina.

Wageni walipoondoka alimfuata mkewe jikoni.

"Mama watoto, uliniambia pasi tu. Sikukusikiliza. Nisamehe."

"Nilishakusamehe zamani. Nilichotaka ni kuisimulia mpaka mwisho."

"Na mama yako alikuwa mtu wa namna gani? Sijawahi kukuuliza."

Mkewe aliweka chini kitambaa, akavuta kiti. Alisimulia mpaka vyombo vikakauka vyenyewe: mama aliyeimba kwa sauti isiyopatana na wimbo, tena kwa kujiamini, aliyewapa majirani majina ya utani yakawaganda. Dobi alicheka, akauliza, akasikiliza. Hakuwa anajikaza tena.

Ijumaa, kabla ya Njia ya Msalaba, aliingia kuungama. Zamani alifika na hotuba, makosa yake yamepangwa pamoja na sababu zake. Safari hii alisema, "Baba, siwasikilizi watu. Nadhani hata Mungu simsikilizi, namweleza tu."

"Na leo?" padri akauliza.

"Leo nimekuja kusikiliza."

Alipotoka alikaa kwenye benchi, mikono magotini, bila kuomba chochote. Kanisa lilikuwa kimya, na kwa mara ya kwanza kimya hicho hakikumdai neno. Mkewe akaja kukaa kando yake.

"Umemaliza kusali?" akamnong'oneza.

"Bado sijasema kitu."

"Basi nikuache?"

"Hapana, kaa," akasema dobi, akamsogezea nafasi. "Hapa pazuri."