Matundu ya Msumari

Lori lilikuwa limeshawashwa, begi langu juu ya magunia, dada yangu alipokuja mbio na furushi la mchicha ndani ya kanga.

"Kaka, wa njiani huu."

"Mzee, unahamia kwa mbuzi?" dereva akacheka.

Ushauri wa bustani ile ulikuwa wangu. Kwenye mgodi mmoja wa chokaa, miaka ya nyuma, niliona wakulima wakimwaga vumbi la mawe shambani na kabichi zikinenepa. Basi nilipofika kwa dada, nikakuta udongo wake umechoka, nikamwonyesha lundo la kijivu nyuma ya mgodi wa dhahabu. "Mawe yaliyosagwa tu," nikamwambia. Shule niliiacha njiani. Kwangu jiwe lilikuwa jiwe.

Mchicha ukaota kwa fujo, majani kama viganja. Sokoni wakaukataa: jani lisilo na tundu la kiwavi limepigwa dawa. Dada hakuwa amepiga dawa yoyote. Akaketi jikoni na bintiye, wakatoboa majani kwa msumari. Nami nilitoboa. Tulicheka mpaka machozi.

Siku mbili kabla ya safari, mpimaji wa madini wa pale mgodini aliniuliza mchicha ule unaota wapi. Nilipomjibu, akaweka kikombe chini. "Jiwe la dhahabu lina sumu, mzee. Dhahabu ikitoka, sumu inabaki kwenye lundo. Viwavi wamewazidi akili."

Binti wa dada alikuwa na mimba ya miezi sita. Nikakimbia kumwambia dada aache.

"Wewe kaka, kila unapopita unatuachia ushauri, halafu huyo, unapanda gari. Ule wa kwanza umetulisha. Huu utatulisha nini?"

Nikafunga begi.

Lori lilipoondoka nikafungua furushi. Majani madogo, yamekunjamana, yametafunwa kingo na viwavi wa kweli. Alikuwa ameyachuma kwenye tuta la zamani, lisilowekwa kitu. Kumbe aliniamini. Nyuma yangu, mlangoni pake, vikapu vya soko vilikuwa vimejaa yale mapana.

Sikumwambia dereva asimame.

Mpwa wangu alijifungua salama. Tangu siku ile mama yake alimlisha ya tuta la zamani. Dada aliuza misimu minne zaidi. Viganja vyake viliota sugu nyeusi, kisha figo zikamshinda. Mpimaji alihamishwa. Waliokuwa wakinunua sokoni, sijui, hakuna aliyewauliza. Mchicha wangu wa furushi niliupika siku ya pili ya safari ile, nikaumaliza wote.