Mjuzi wa Watu

Nyumbani walimwita Daktari, na usidhani walikuwa wanamsifu. Jina alilipata akiwa kidato cha tatu, siku shangazi yake alipofiwa na mume. Wanawake walikuwa wamejaa sebuleni, shangazi analia mpaka sauti imekauka, na msichana akamsogelea kwa upole mkubwa, akamweleza kwamba huzuni ina hatua zake, kwamba yeye bado yuko kwenye hatua ya kukataa ukweli, na asipojitahidi atakwama hapo hapo. Shangazi akawageukia wenzake na kuuliza, "Huyu daktari kaletwa na nani?" Jina likaganda.

Mwenyewe alilipokea kama haki yake. Alikuwa ameangalia video nyingi kwenye simu, za watu waliokaa mbele ya rafu za vitabu wakieleza binadamu wengine wana kasoro gani, na kasoro zote hizo alizikuta kwao bila hata kutoka nje ya geti. Baba yake, fundi wa majokofu, alikuwa mtu wa kukimbia hisia zake. Mama, anayekaa mapokezi kwenye kliniki ya meno, alikuwa bendera kufuata upepo. Kaka yake alikuwa na kijicho alichokificha ndani ya utani. Jirani mwenye kuku alikuwa anatafuta mapenzi aliyonyimwa utotoni. Walionusurika ni wale kuku tu.

Kwa hiyo matokeo ya kidato cha sita yalipotoka, na alama zikawa nzuri kweli kweli, hakuna aliyeshangaa aliposema anaomba shahada ya saikolojia. Walichoka tu mapema, kama mtu anayesikia mvua inaanza na nguo zake ziko kwenye kamba.

Baba alisema jokofu likiharibika yeye hulifungua nyuma, akaona kilichoungua, akakibadilisha. Kichwa cha mtu mwanawe atakifungua na bisibisi gani? Kaka akadakia kwamba kama shida ni kulipwa kwa kuwasema watu, hakuna haja ya chuo, aanze saluni. Mama alisema baba ana hoja na mtoto naye ana hoja, na Daktari akamtazama kwa jicho la mtaalamu ambaye utafiti wake umethibitika.

Maombi yalijazwa mtandaoni, na kulikuwa na nafasi ya kuchagua kozi tatu. Daktari alijaza moja: saikolojia, chuo kile kile alichokitaka. Baba alisimama nyuma ya kiti chake, mikono inanuka gesi ya majokofu, akamtaka aweke na utunzaji wa kumbukumbu, kwenye chuo kidogo anakofundisha shemeji yake.

"Mshika mbili moja humponyoka, baba."

"Na aliyeshika moja, nayo ikimponyoka?"

Daktari aliendelea kujaza. Penye sehemu ya kueleza sababu za kuchagua kozi aliandika kurasa mbili nzima, zote zikiwa na maana moja, kwamba anawajua watu. Akabonyeza kutuma. Baba naye akatoa neno lake la mwisho pale pale: asipochukuliwa, ataenda kwa shemeji kusomea mafaili, na hataki kusikia kilio wala nadharia. Kila mtu ndani ya nyumba alijua kwamba baba akishasema kwa sauti ile ya chini, mambo yamekwisha.

Wiki chache baadaye akaitwa kwenye usaili. Usiku wa kuamkia siku hiyo alilala vizuri sana, na hilo peke yake lingetosha kumtia mtu wasiwasi, lakini wasiwasi aliuona kuwa ugonjwa wa wengine.

Idara ya saikolojia ilikuwa ghorofa ya tatu, lifti mbovu, na ukutani palikuwa na bango la kuwatakia watu utulivu wa akili, limebandikwa upande. Daktari aliwatazama waombaji wenzake kwenye korido na moyo ukamtulia kabisa. Kila aliyemuuliza kwa nini amechagua saikolojia alimjibu kwamba anapenda kusaidia watu. Wote. Kana kwamba wamekaririshwa darasa moja. Kama ni kusaidia watu, alijiambia, si wabebe mizigo stendi.

Mhadhiri aliyewapokea alizidi kumpa moyo. Mama mmoja mnene, ana mafua, leso imeminywa kiganjani, na blauzi ameifunga vifungo vibaya, upande mmoja umepanda na mwingine umeshuka. Huyu ndiye anayefundisha akili za watu, akili yake imeshindwa na vifungo. Kando yake alikaa mhadhiri kijana aliyeandika kila kitu na hakusema chochote. Daktari akampa naye ugonjwa wake, akamalizana naye.

Waliingia wawili wawili. Mwenzake alikuwa kijana aliyevaa suti ya kijivu, tai imenyooka, viatu vinang'aa, manukato yanatangulia mlangoni kabla yake. Daktari alimbatiza Suti kabla hajakaa. Mtoto wa mama, akaamua. Anaficha kutojiamini kwa kitambaa. Kazi hiyo ilimchukua muda mfupi kuliko kuvuta kiti.

Mama wa mafua aliwaeleza zoezi. Wakae wakitazamana, kila mmoja amsimulie mwenzake kilichomleta kwenye saikolojia, kwa dakika chache tu, na mwingine asikilize bila kumkatiza. Kisha wabadilishane: kila mmoja aseme mbele ya meza kana kwamba yeye ndiye yule mwenzake, kwa maneno ya "mimi". Hakuna zaidi. Daktari karibu acheke. Alikuwa amejiandaa kwa maswali ya ubongo na mishipa ya fahamu, na hawa wamemletea mchezo wa watoto wa chekechea.

Alianza yeye, na alimwaga yote. Alimweleza Suti habari za baba, za mama, za kaka, hata za jirani na kuku. Aliongea kwa uhuru kwa sababu alikuwa ameshaamua kijana haelewi kitu, na mbele ya mtu asiyeelewa mtu husema hata asiyopanga. Suti aliinamisha kichwa kidogo na kutulia. Zamu yake ilipofika, midomo ya Suti ilicheza na Daktari akatikisa kichwa pale inapostahili kutikiswa. Lakini ndani alikuwa kazini, anapanga sentensi zake. Kutojiamini kwanza, au malezi kwanza? Aliona malezi yatapendeza zaidi mwanzoni.

"Haya," alisema mama wa mafua, akapenga. "Kijana, anza. Wewe sasa ni huyu binti."

Suti aliweka mikono magotini. Hakuigiza, hakubana sauti. Alisema tu, kwa sauti yake ya kawaida:

"Mimi nyumbani wananiita Daktari. Baba yangu anatengeneza majokofu na haelewi watu. Mama yangu hana msimamo. Kaka yangu ananionea kijicho. Shangazi yangu alifiwa na mumewe, nikamweleza alikuwa analia vibaya. Kila mtu ninayemjua nimeshaona kasoro yake. Ila hakuna hata mmoja anayekuja kwangu akiwa na shida. Wakiwa na shida wanaenda kwa mama."

Hakuongeza neno, na hakukuwa na sababu. Yote yalikuwa yake, hata lile la mwisho, lililomponyoka bila kujua lilikuwa linatoka wapi. Daktari aliyasikia yakitoka kwenye kinywa kingine na kwa mara ya kwanza maishani akamsikia mtu huyo anayeongea. Hakumpenda. 

Lakini mjuaji hafi upesi. Zamu yake ilipofika alikaa wima akaanza: "Mimi nimelelewa kwa kudekezwa. Sijiamini, na ndiyo maana navaa hivi, ili watu waione nguo wasinione mimi."

"Amekwambia hivyo?" akauliza mama wa mafua.

"Hakusema moja kwa moja. Lakini inaonekana."

"Mimi sikuuliza kinachoonekana. Alikwambia nini?"

Daktari alifungua mdomo. Alirudi nyuma kichwani kutafuta sauti ya Suti, akakuta sauti yake mwenyewe, imejaa mpaka kwenye kona, inapanga sentensi. Palikuwa na neno "mlango". Palikuwa na "asubuhi". Basi. Yule mhadhiri mwandishi aliacha kuandika, na kalamu iliyonyamaza ilikuwa mbaya kuliko iliyokuwa inakimbia.

"Amekwambia kwa nini amevaa suti?"

Daktari aliitazama ile suti.

Mama wa mafua alimgeukia kijana na kumuomba, kama haoni taabu, arudie lile alilolisema. Suti alisitasita, akamtazama Daktari kwa huruma, na huruma ile Daktari aliichukia kuliko kofi.

"Baba yangu alistaafu ualimu mkuu, akaingia chumbani, hatoki," alisema. "Ni mwaka wa pili sasa. Haongei na mtu. Kwa hiyo kila asubuhi navaa suti, navaa viatu vinavyolia, napita mbele ya mlango wake polepole. Labda siku moja ataniuliza naenda wapi."

Ilikuwa imesemwa mbele ya uso wake, kwa maneno hayo hayo, wakati yeye anachagua kati ya malezi na kutojiamini. Daktari alitafuta jina la kitaalamu la kujifunika. Yalikuwepo mengi, kila siku yalimjia bila kuitwa, na sasa hata moja halikuja. Aliona mafaili ya shemeji wa baba yake yamepangwa rafu kwa rafu mpaka mwisho wa maisha yake.

"Una la kuongeza?" akauliza mama wa mafua.

"Sikumsikiliza," Daktari alisema. Sauti ilitoka ndogo, ikamshangaza yeye mwenyewe. "Alikuwa anaongea, na mimi nilikuwa najisikiliza mwenyewe."

Mama wa mafua hakumsifu kwa hilo wala hakumsuta. Alipenga tena, akawashukuru wote wawili, akaita wengine.

Siku ya majibu tovuti ya chuo ililala, kama kawaida ya vyuo vinavyojisifu kwa teknolojia, na watu wakaambiwa waje wasome karatasi zilizobandikwa mlangoni. Daktari alikwenda na mama yake. Alikuwa ameshapiga pasi blauzi ya kwendea kwa shemeji. Lakini jina lake lilikuwepo, la sita kutoka juu. Kama ni zile alama nzuri zilizombeba, au lile neno moja la kweli alilolisema, au mafua ya yule mama tu, chuo hakikueleza, na vyuo huwa havielezi. Mama alimkumbatia pale pale kwenye msongamano, akatoa simu ampigie baba.

Daktari hakuondoka mlangoni. Aliweka kidole kwenye karatasi akaanza kushuka nacho, jina moja baada ya jingine, taratibu, akifika mwisho anarudi juu.

"Unatafuta nini tena, mwanangu? Si umeshajiona?"

"Namtafuta mtu. Tulifanya usaili pamoja."

"Anaitwa nani? Nikusaidie, macho yangu bado mazima."

Kidole cha Daktari kilisimama kwenye karatasi. Yeye na Suti walikuwa wamepeana mikono kabla ya kukaa. Kijana alijitambulisha, majina yake yote mawili, kwa adabu, na kumwambia amefurahi kumfahamu. Kwenye karatasi palikuwa na wavulana kumi na mmoja na yeyote kati yao angeweza kuwa yeye, au asiwe hata mmoja. Mama alisubiri na simu mkononi, baba akisikika kwa mbali akiuliza wamesemaje.

"Sijui, mama," Daktari alisema. "Aliniambia, lakini sijui."