Bahasha Iliyoandikwa Makosa

Kila siku saa mbili asubuhi, kabla ya kuwasha kompyuta, binti, karani wa kituo cha kutazama nyota, humsomea mama yake orodha ya picha za nyota zinazotakiwa kutoka stoo. Mama huitikia kwa kichwa, kisha huenda kuzileta. Leo binti alifika mstari wa tatu, akaacha kusoma, akaikunja karatasi.

"Vipi, umemeza ulimi?"

"Mama, kaa kwanza."

Zamani mama ndiye aliyekuwa mpimaji. Miaka kumi na miwili alipima pichani umbali kati ya nyota mbili ndogo, nyekundu, hafifu, majirani zetu wa karibu angani, zinazozungukana taratibu. Ilipowekwa darubini mpya, picha zikawa kali zaidi, na vipimo vyake vikaanza kuyumba: mara vizidi, mara vipungue. Profesa, mkuu wa kituo, akavitia kwenye bahasha, akaandika juu yake "Makosa", akasema macho ya mpimaji yamechoka. Mama akahamishiwa stoo. Hakuteta. Nyumbani, binti naye akafuata mkumbo: akawa anamsomea kila kitu, hata maandishi ya pakiti ya sabuni, akimtania, "Kipofu wangu."

Jana, akikamilisha ripoti ya Profesa, aliifungua bahasha ile ili ahesabu kurasa tu. Alipovichora vile vipimo, viliyumba kwa mpangilio, vikipanda na kushuka kila baada ya miezi kumi na tisa. Jicho lililochoka halifuati kalenda. Palikuwa na nyota ya tatu, hafifu mno isionekane, iliyokuwa ikiivuta mojawapo ya zile mbili huku na huku.

Profesa akachungulia mlangoni. "Ripoti inaondoka saa sita. Nyota mbili, basi. Tusijitafutie maneno."

Binti, ambaye hata salamu huitoa kwa kunong'ona, akasimama, akamwonyesha mchoro wa vile vipimo. "Ni tatu, Profesa. Na aliyeipima ya tatu ni huyu hapa."

Profesa aliutazama mchoro kwa muda mrefu. Akaivua miwani, akaivaa tena. "Ripoti isubiri," akasema, akaondoka bila kumtazama mama usoni.

Binti akageuka akitabasamu, lakini mama hakutabasamu.

"Mbona hukusema, mama?"

"Nilisema. Yule nilimwambia mara mbili, akacheka. Haikuniuma sana, ni mkubwa wa kazi tu." Akazipanga picha zilizokuwa tayari zimepangwa. "Lakini wewe, mwanangu, hukuniuliza hata siku moja kama naona."