Steji Iliyokwenda Hospitali

Kila Jumanne na Ijumaa, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Nasambu alipangusa benchi la steji ya Lwanyisi kwa kitambaa kabla mumewe hajaketi. Wanzala alikata miwa miaka ishirini na sita mpaka figo zikamgomea, na sasa alikuwa mtu wa kukalishwa pole pole: kwanza mkono ushike nguzo, kisha kiuno kishuke, kisha ile miguu iliyovimba ipangwe mbele yake. Steji yenyewe haikuwa na kasoro. Ilikuwa na nguzo nne za chuma, paa la mabati ya buluu, benchi la simenti, na ratiba iliyowekwa ndani ya kioo. Basi la kwanza saa kumi na mbili na dakika arobaini, la pili saa nne na robo, la mwisho saa tisa na nusu. Kilichokosekana ni basi tu.

Si kwamba mabasi hayakuwepo. Yalikuwa sita. Mamlaka ya Mabasi ya Mashinani iliyazindua mwaka mmoja na miezi minane iliyopita, kwa utepe, kwaya, na keki yenye umbo la basi. Kisha yakarudishwa yadi mjini Kakamega kusubiri karatasi fulani. Karatasi ilisubiri sahihi, na mwenye sahihi alikuwa ng'ambo akijifunza jinsi wenzetu wanavyoendesha mabasi. Ili mabasi yasije yakabanwa siku yatakapoanza kazi, Mamlaka ilipiga marufuku matatu katika barabara hiyo. Zikabaki boda boda. Wanzala alikuwa ameanguka kutoka kwa boda mara mbili akitoka kuoshwa damu kwenye mashine, na daktari alimwomba asianguke mara ya tatu. Basi siku nyingine trekta ya miwa iliwachukua, siku nyingine walikaa hadi jua likapanda, wakarudi nyumbani.

Dereva ndiye aliyefika bila kukosa. Aliitwa Kiptoo, mtu wa makamo kutoka upande wa Nandi, aliyeajiriwa kuendesha basi la Lwanyisi. Kila asubuhi alikuja kwa baiskeli, shati limepigwa pasi, tai imekazwa, akatia sahihi katika daftari lake, kisha akaketi mwisho wa benchi na kungoja pamoja na abiria. Watu hawakumchukia. Alikuwa na adabu, na hakuna siku aliyochelewa.

Jumanne moja ya mwezi wa Machi, ilipotimia saa kumi na mbili na dakika arobaini, steji iliinuka.

Iliinuka kama ng'ombe anavyoinuka, nguzo za nyuma kwanza. Udongo ukamwagika kutoka kwenye nyayo zake. Abiria tisa waliokuwa kwenye benchi wakaegemea mbele, kisha nyuma, kisha wakatulia. Nasambu alimshika mumewe begani.

"Mama Mitchel," Wanzala akasema, "tunaenda?"

"Tunaenda, Baba Mitchel. Inua miguu isiburutike."

Kiptoo alisimama, akafunga kifungo cha juu, akaenda kushika nguzo ya mbele. Mkataba wake ulisema abiria wasisafirishwe bila dereva. Steji ikaingia barabarani, ikageukia mjini, ikashika mwendo wa mnyama anayejua anakokwenda. Iliruka mashimo ambayo gari lingeyaingia. Penye daraja lililobomoka iliteremka mtoni, ikavuka, ikapanda ng'ambo, na maji hayakufika kwenye benchi. Watu waliokuwa wakipalilia miwa walisimama, wakasalimu, wakaendelea kupalilia. Mjini, kina mama wa mandazi walisogeza beseni zao ili isizikanyage. Saa tatu kasorobo ikapiga magoti mbele ya lango la hospitali, na Wanzala akashuka bila kushikwa.

Saa tisa na nusu alipotoka, akiwa mweupe midomo na mwepesi, iliwarudisha.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokwenda kwa wiki saba. Steji ilitembea kila siku isipokuwa Jumapili. Mwanafunzi mmoja wa ufundi kutoka Sigalagala alikuja kupima magoti yake kwa ajili ya mradi wa darasani, akapewa alama za wastani kwa sababu michoro haikuwa safi. Uvimbe wa miguu ya Wanzala ulipungua, viatu vikamwingia tena. Jumamosi moja alimaliza sahani nzima ya obusuma, ule ugali wa kwao, na paja la kuku, akaomba mchuzi, na Nasambu akatoka nje kidogo akasimama nyuma ya jiko, kwa sababu hakutaka aonekane akilia juu ya mchuzi.

Wiki ya nane, Bwana Sifuna alifika. Alikuwa afisa wa ratiba katika Mamlaka, na alikuja na wenzake wanne ndani ya magari mawili. Walikuta pale pa steji pana mashimo manne na nyasi zilizolala. Wakasubiri. Steji iliporudi jioni na kupiga magoti mahali pake, Sifuna hakuuliza inatembeaje.

"Nani aliiruhusu kuondoka?" aliuliza.

Sifuna akafungua faili. Alisema hii ni mali ya umma iliyohamishwa bila idhini. Tena imebeba watu bila bima. Tena, na hili ndilo lililomuuma zaidi, kila asubuhi kwa wiki saba wananchi wa Lwanyisi wameachwa bila mahali pa kusubiri basi. Kwa hiyo itachukuliwa, ipelekwe yadi.

"Sisi hatukuwa tunasubiri, mzee," Nasambu alisema. "Tulikuwa tumeenda."

"Mama, utaratibu ni kusubiri kwanza."

"Sasa ukiichukua hii, huyu mzee wangu atakuwa anafikanga hospitali na nini?"

"Mabasi yapo, mama."

"Yapo wapi?"

"Yapo kwa ratiba." Akaonyesha kioo kwa kalamu.

Kiptoo alipewa barua ya onyo papo hapo, kwa kuendesha steji ilhali leseni yake ni ya basi. Aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru.

Kesho yake lori lilikuja kuibeba steji, lakini kila ilipofungwa minyororo ilisimama kando ya lori na kungoja, kama mtu asiyeelewa kwa nini mwenye miguu abebwe. Mwishowe Sifuna mwenyewe aliketi kwenye benchi, akaweka faili mapajani, akasema anaenda yadi. Steji ikampeleka. Haikuwa na tabia ya kuchagua abiria.

Huko yadi ilifungiwa kati ya mabasi sita ambayo majani yalikuwa yamefika madirishani. Mwezi uliofuata Mamlaka iliizindua kuwa gari lake la saba. Kulikuwa na utepe. Wageni kutoka kaunti mbili walikuja kujifunza, wakaizunguka, wakaigusa magoti, wakapigwa picha. Ikasemwa itaanza kazi mara tu karatasi yake itakapopatikana.

Lwanyisi hawakusahauliwa. Walijengewa steji mpya, nzuri kuliko ya kwanza, ili wapate mahali pa kusubiri ile ya zamani. Safari hii nguzo zilizikwa futi nne ndani ya konkriti.

Nasambu akarudia boda. Alimpakia mumewe katikati, akaketi nyuma yake, akajifunga naye kwa leso mbili, kiunoni na kifuani, ili akianguka waanguke pamoja. Mvua kubwa zilipoanza, boda hazikupita. Wanzala alikosa Ijumaa moja. Akakosa Jumanne. Miguu ikajaa, uso ukajaa, pumzi ikawa fupi.

Ijumaa iliyofuata alitaka wajaribu. Nasambu na Kiptoo walimbeba hadi steji mpya, wakamkalisha. Akauliza kama inaenda.

"Bado," Nasambu alimwambia. "Pumzika."

Nguzo zilianza kutikisika. Steji ilijivuta kwa nguvu, mabati yakalia juu, simenti ikatoa ufa mrefu chini ya benchi. Ilivuta tena, na tena, mpaka vumbi la konkriti likawajaa magotini. Wanzala aliweka kiganja chake kwenye benchi, akalipapasa kama mtu anavyompapasa ndama, akasema, "Wacha, utajiumiza." Kisha kichwa chake kikalala begani mwa mkewe, na uzito wake ukawa mwingine.

Kiptoo alivua tai. Alikimbia kuita watu.

Wanzala alizikwa wiki iliyofuata. Waombolezaji walipokuwa wakitoka, lori la Mamlaka lilipita kuelekea steji likiwa na simenti na mafundi wawili, kwa maana ule ufa ulikuwa umeripotiwa. Ripoti haikutaja mtu. Mafundi walichimba, wakamwaga, wakasawazisha. Nasambu aliwapelekea chai, kwa sababu walikuwa wageni, na msiba hauzuii chai.

"Mmeenda chini kiasi gani?" aliuliza.

"Futi nane, mama," alijibu mkubwa wao, jina lake Osundwa. "Hii haiendi mahali. Pole kwa yaliyokupata."

Nasambu alikusanya vikombe. Steji ilitetemeka kidogo chini ya mkono wake, kisha ikaacha.

Jua lilikuwa limeanza kuelekea magharibi. Dereva wa lori alikuwa ameondoka mapema kuwahi shughuli zake mjini, bila kuwaambia. Mafundi waliosha koleo, wakatazama barabara upande huu, wakatazama upande ule.

"Mama, huku watu hupanda nini kwenda Kakamega?"

"Ni kilomita kumi na tisa," Nasambu alisema. "Penye daraja vueni viatu."

Akawaonyesha njia, wakaweka koleo begani, wakaanza kutembea.