Saa Zilizotengwa

Saa moja na dakika arobaini na moja asubuhi, Jumanne tarehe kumi na nne Januari, simu ya Glenda Haigh ililia mara moja juu ya meza ya jikoni. Alikuwa amevaa buti moja la kazi. La pili lilikuwa mkononi. Ujumbe ulitoka ghalani: zamu yako ya saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni imefutwa, asante kwa uelewa wako. Aliusoma, akavaa buti la pili, na mguu ulipogusa sakafu ilikuwa saa kumi jioni. Giza lilikuwa limeanza kuushukia Mtaa wa Cutler. Chai yake ilikuwa imepoa na kufanya utando. Baba yake, Stanley, alikuwa ameshakunywa supu ya kopo na kuosha bakuli.

"Umerudi," Stanley alisema bila kugeuka. "Wamepiga simu kutoka ofisi ya posho. Miadi ya saa tano imekupita."

"Ya pili hiyo," Glenda alisema, akaanza kuvua buti.

Katika mji wa Wathley jambo hilo halikuwa geni. Ghala lilikuwa limeajiri nusu ya mtaa kwa mikataba isiyoahidi hata saa moja ya kazi. Kifungu cha kumi na moja kilieleza kwamba saa zilizotengwa kwa ajili ya kampuni ni za kampuni, ziwe zimefanyiwa kazi au hazijafanyiwa. Zamu ikifutwa, saa zake ziliondoka pamoja na mtu aliyezitenga. Hakuonekana popote mpaka zilipokwisha, kisha alikutwa palepale alipokuwa, akimalizia alichokuwa akifanya. Jirani yao Colleen Birtwhistle aliondoka kwenye ubatizo wa mjukuu wake akiwa ameshika kisu cha keki. Aliporudi alikata meza tupu. Siku moja alijaribu kuificha simu ndani ya friji. Saa ziliondoka vilevile, naye alirudi akaukuta mlango wa friji wazi na maziwa yameganda.

Zilikokwenda saa hizo pia kulijulikana. Wiki za kabla ya Krismasi, wanaume waliingia ghalani saa mbili asubuhi wamenyoa, wakatoka saa kumi jioni na ndevu za siku mbili. Glenda alikata kucha Jumatatu na kuzikata tena Jumatano. Ndani, akrabu ya dakika ilisimama juu ya tatu muda wa kufunga vifurushi mia nne, ndipo ikasogea kwenye nne. Walikula chakula cha mchana mara mbili. Walilipwa saa nane, kwa kuwa saa ya getini ilionyesha nane.

Stanley, aliyechimba makaa ya mawe miaka thelathini mpaka mgodi ulipofungwa, alilizungumzia jambo hili mara moja tu.

"Sisi ukichelewa walikukata saa," alisema. "Lakini saa yenyewe ulibaki nayo. Ulikwenda ukakaa nayo mferejini ukavua samaki."

Kwa kuwa zamu zilikuwa chache, posho ya serikali ndiyo iliyolipa kodi ya nyumba. Mwezi wa Oktoba mahakama ilikuwa imempa Glenda nafasi ya mwisho: kodi isikosekane hata mwezi mmoja. Na kanuni ya posho ilikuwa kwamba anayekosa miadi mitatu ofisini hufungiwa.

Siku iliyofuata alikwenda ofisini kueleza. Mshauri wake aliitwa Naveed Akhtar, kijana wa miaka ishirini na sita, tai imenyooka. Alifungua orodha ya sababu zinazokubalika na kuisoma kwa sauti: ugonjwa, msiba, mahakama, kuitwa kazini. Kufutiwa zamu hakukuwemo.

"Sikuwepo duniani, mwanangu," Glenda alisema.

"Najua, mama. Wewe ni wa nane wiki hii."

Akaandika kwamba hakuna sababu iliyotolewa. Kisha akamgeuzia kioo cha kompyuta. Kwenye ukurasa wake wa ghala, ambako kila mfanyakazi huweka tiki kwenye saa anazozitenga, Glenda alikuwa ameacha Alhamisi na Jumapili bila tiki. Alhamisi aliiacha kwa ajili ya miadi ya ofisini, ingawa mara nyingi ilipangwa siku nyingine. Jumapili alimwogesha baba yake. Mfumo wa posho ulisoma nafasi hizo kama kukataa kazi, na jina lake lilikuwa na alama nyekundu. Naveed alimweleza kwamba ghala linawapa zamu kwanza walioweka tiki kila mahali, na alama nyekundu nayo huondoka. Aliwashauri wote hivyo.

"Nikiziweka zote, zote zitakuwa zao," Glenda alisema.

"Ukiitwa kazini siku ya miadi, tunaahirisha. Hiyo imo kwenye orodha."

"Na wasiponiita?"

Naveed alitazama kibodi. Mama yake mwenyewe, mfungaji vifurushi wa ghala hilohilo, hakuwa ameonekana nyumbani tangu Jumapili.

"Wasipokuita utakuja," alisema.

Glenda aliweka tiki mia moja sitini na nane, moja kwa kila saa ya wiki. Kazi hiyo ilichukua dakika nne. Alama nyekundu ikazimika. Naveed alichapa karatasi ya miadi: Alhamisi tarehe ishirini na tatu Januari, saa tisa na dakika kumi alasiri.

Jioni Glenda alimsimulia Colleen kwenye ua wa nyuma, wakianua nguo.

"Shoga, umetia zote? Hata za kulala?"

"Hata za kulala."

"Basi lala haraka."

Kuanzia Ijumaa saa zilianza kuondoka bila mpangilio. Usiku wa Ijumaa aliweka kichwa kwenye mto na kukiinua asubuhi bila kulala. Jumamosi alipoteza saa mbili akiwa na sabuni mkononi dukani, na aliporudi muuza duka alikuwa mwingine. Jumapili Stanley alikaa ndani ya maji ya kuogea mpaka yakapoa, kisha akatoka mwenyewe akishikilia sinki. Jumatatu Glenda aliitwa kazini, akarudi kucha zimekua. Jumatano alibandika kwenye friji karatasi yenye majina ya dawa za baba yake na siku ya kutoa taka, kwa herufi kubwa.

"Mimi si mtoto," Stanley alisema.

"Najua. Jumanne pipa la kijani."

Alhamisi hakungoja. Aliondoka nyumbani saa sita mchana na kufika ofisini saa sita na nusu. Mlinzi alimwandika kitabuni. Alikaa kiti cha nne cha safu ya mbele, koti limefungwa vifungo, simu kiganjani na karatasi ya miadi juu ya magoti. Saa nane Naveed alipita na faili, wakasalimiana kwa kichwa. Saa tisa kasorobo Glenda aliomba maji, akaletewa kwenye kikombe cha karatasi. Saa tisa na dakika nne simu ililia mara moja. Mtu wa kiti cha tano, ambaye baadaye aliulizwa, alisema aliuona ujumbe kwa kuwa Glenda alimpa simu na kumwomba amsomee, maana hakuja na miwani. Ulisema kwamba kutokana na upungufu wa kazi, zamu zake zote zimefutwa hadi saa tatu asubuhi ya Jumanne tarehe moja Aprili. Asante kwa uelewa wako.

Saa tisa na dakika kumi Naveed alitoka na kuita jina lake mara mbili, kama kanuni inavyotaka. Juu ya kiti palikuwa na simu na karatasi. Aliweka kiganja kwenye kiti. Kiti kilikuwa bado na joto. Alirudi mezani kwake akaandika kwamba mwombaji hakuhudhuria. Saa tisa na dakika thelathini na moja mfumo ulifunga posho.

Mlinzi aliweka juu ya kiti kile kibao cha njano cha kuonya sakafu yenye maji, mtu mwingine asikikalie. Ofisini vilikuwa tayari vibao viwili vya namna hiyo. Stanley alikuja kesho yake kuchukua simu.

Barua ya posho ilifika tarehe ishirini na nane Januari, ya mwenye nyumba tarehe kumi Februari. Stanley alijibu zote mbili kwa mkono, akaeleza mwanawe yuko wapi na atarudi lini. Alijibiwa kwamba maelezo yake yamepokelewa. Tarehe kumi na nne Machi walikuja maofisa wawili wa mahakama. Walikuwa na adabu, na mmoja alimbebea birika mpaka chini. Halmashauri ilimpa chumba chenye kitanda kimoja upande wa pili wa mji, juu ya duka la mazulia lililofungwa.

Jumanne tarehe moja Aprili mlinzi alimfungulia Stanley mlango dakika tano kabla ya saa tatu. Alikaa kiti cha tano na kukiondoa kibao kwenye cha nne. Saa tatu kamili Glenda alikuwa ameketi, koti limefungwa vifungo, shingo imenyooka kuelekea mlango wa washauri.

"Wameshaniita?" aliuliza.

"Wameshakuita," Stanley alisema. "Na nyumba wameshaichukua."

Glenda alitazama kalenda ukutani, kisha viatu vya baba yake, ambavyo kamba zake hazikuwa zimefungwa. Simu ililia ndani ya mfuko wa Stanley. Kila siku alikuwa akiichaji. Akamkabidhi. Kulikuwa na zamu ya saa nne asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, jibu litolewe ndani ya dakika tano.

Akabonyeza kukubali, ndipo akamuuliza sasa wanaishi wapi.