Chungu Kilichosuguliwa kwa Sabuni

Wajukuu zangu, Bibi Pramila ndiye aliyenipa hadithi hii, naye aliianzia hapo hapo kisimani… chungu kimo mikononi mwa Kuntala, kinanuka sabuni ya ndimu, chungu kisichojua sabuni tangu aolewe, maji matupu tu, na maji machachu kidogo huachwa chini yawe mbegu ya kiporo cha kesho, wali wa kulowekwa usiku kucha, jimbo zima la Odisha linajua, mpaka paka anajua, ila huyu mkaza mwana wa kutoka mjini Katak, “Mama, kilikuwa na utelezi, nimekisugua mpaka kikalia,” anajisifu, Lipsa huyu, utelezi ndio wenyewe we mtoto, ndio vile vijidudu alivyosema nesi, wali ukilala majini unakuwa chakula chao, vikishiba tumboni sukari ya mtu haipandi mbio, na ya mzee wangu ilikuwa imeanza kushuka, juzi Dhruba alikanyaga kokoto akaita, “Mke wangu, nimeumia,” anacheka, mume mzima anafurahia kokoto, kwa kuwa vidole vya miguu vilikuwa vimekufa ganzi, sasa vinasikia tena, na leo kala wali wa moto na biskuti, biskuti… “Mama, nikianike juani?” kianike, na wewe jianike, ubongo ukauke vizuri, “Niliogopa Baba asije akaumwa tumbo, Mama,” sauti imepungua, aliogopa, kumbe naye aliogopa, usinilainishe, nina hasira zangu bado, mbegu nitaitoa wapi, haiuzwi dukani, mbegu hupewa mtu na mtu, kama Kuntala alivyompa Sukanti, mke wa shemeji yake, bakuli zima, siku nyumba ilipogawanywa, kisha wakagombania kisima hiki hiki, Kuntala akamwita mwenzake kunguru mbele ya wakwe zao, tangu hapo hakuna salamu, mwanamke yule akikohoa ng'ambo ya ua Kuntala hutema mate… lakini chungu cha Sukanti hakijasuguliwa, harufu yake inavuka ua kila asubuhi, ni mbegu yangu ile, ni yangu, wala si yangu, kitu ukishatoa kimetoka, itabidi nibishe hodi na bakuli tupu, atasema, “Leo mmemkumbuka kunguru?” atacheka mpaka mtaa usikie, acheke, meno ni yake, vidole ni vya Dhruba… “Mama, nikianike?” na chungu kingali mikononi, kinachuruzika, kinanuka ndimu, “Lete bakuli, Lipsa. Tutakwenda sote, ukaone utelezi unavyoombwa.”

Haya, wajukuu zangu, vuteni shuka, mlale. Na chungu changu asikiguse mtu.