Mdudu wa Saa za Kazi

Ripoti ya taifa ya waliolazwa kwa majeraha ya macho ilifika asubuhi. Karani wa wodi ya macho alipofika ukurasa wa tatu, chai ilimpalia. Nchi nzima majeraha yamepungua, ila hospitalini kwao wadudu wameumiza macho mara tisa zaidi ya mwaka juzi. Makao makuu yameshtuka na yamemtuma mtaalamu wa wadudu.

Karani alijua mdudu huyo katoka wapi: yeye ndiye aliyemzaa. Mumewe, fundi wa kuchomelea, hukata chuma kwa grenda bila miwani, eti miwani ni ya waoga. Chembe ya chuma ilipomwingia jicho la kushoto, alimbembeleza mkewe, "Mama watoto, usiniaibishe. Andika mdudu." Akaandika. Ukipenda, chongo huita kengeza; ila waliosema hivyo hawakuwa na rejista ya kujaza. Mafundi wengine wakapata habari, na kuanzia hapo kila aliyeletwa jicho limefumba alikuwa kaumwa na mdudu. Jicho la mumewe lenyewe halikupona, lilibaki na ukungu.

Mtaalamu alifika na wavu, chupa, na furaha ya bwana harusi.

"Wanauma saa za kazi tu," alisema akipekua rejista. "Jumapili wanapumzika. Na wanawake hawawagusi kabisa! Mama, hii ni spishi mpya."

Karani alitabasamu huku jasho likimtoka. Akisema kweli, kazi hana. Akinyamaza, huyu bwana atampa mdudu jina la kisayansi.

Mara mlango ukasukumwa. Mumewe aliingia akipapasa ukuta, kiganja kimeziba jicho la kulia, lile lililobaki zima.

"Mdudu?" mtaalamu aliruka na chupa yake.

"Mdudu!" fundi akaitikia. "Mkubwa!"

Karani aliingiwa na hofu. Kisha hasira ikaipiku hofu. Njia ya mwongo ni fupi, na hii ilikuwa imeishia kwenye jicho la mwisho la baba watoto wake. Alivuta rejista, akafuta wadudu wote kwa mstari mmoja, na penye chanzo cha jeraha la leo akaandika kwa herufi kubwa, akisoma kwa sauti: "UBISHI."

"Mama watoto! Mbele ya mgeni?"

"Mbele ya taifa," alisema, akamshika mkono kumkimbiza kwa daktari.